Kila Mti na Maji Yake: Safari ya Kinondo, Gazi na Vanga

Ukivuka Likoni ukaelekea Lungalunga, bahari iko mkono wako wa kushoto lakini huioni. Imezibwa na kuta za mahoteli, mashamba ya minazi, na hapa na pale vipande vya msitu ambavyo mpita njia huviona kuwa vichaka vilivyokosa mwenyewe. Vina wenyewe. Nilikwenda Kwale kuwatafuta hao wenyewe, kwa sababu nimechoshwa na habari za upandaji miti zinazokoma siku ile ile ya kupanda: mgeni rasmi, fulana mpya, miche inayotajwa kwa maelfu, picha ya pamoja, kisha kimya. Nilitaka kufika mahali ambapo watu wamekaa na mimea yao ya asili muda mrefu, ambapo mtu anaweza kukuonyesha mti, akakwambia nani aliupanda, na ni mingapi iliyokufa kando yake.

Nilianzia Kinondo, kusini ya Diani. Kaya Kinondo ni msitu wa hekta 30 tu, karibu kabisa na ufuko. Huingii ovyo. Unafungwa kaniki kiunoni, unasomewa masharti: usichume, usivunje, usiokote kitu cha kwenda nacho, usikumbatiane na mwenzio. Aliyenitembeza alikuwa mzee wa Kidigo, mzaliwa wa hapo, mwembamba, msemaji wa polepole. Hatua chache ndani, joto la Diani lilikatika. Chini ni mwamba wa matumbawe, mkali, wenye mashimo, na mizizi ya miti imeushika na kuupasua ikitafuta udongo mahali ambapo kwa macho yangu hapakuwa na udongo wowote.

Wamijikenda husimulia kwamba walitoka Shungwaya, kaskazini, wakaja kujenga makaya yao katikati ya misitu ili wajifiche na maadui. Baadaye, amani iliporudi, watu walitoka wakaenda kulima nje, na kaya zikabaki mikononi mwa wazee, mahali pa makaburi na dua, pasipoguswa na panga. Mashamba yalipoenea na mahoteli yakafuata, misitu iliyoyazunguka ikafyekwa, na makaya yakabaki visiwa. Ndani ya visiwa hivyo kumesalia mimea ya pwani ambayo kwingine imekwisha. Mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya ilianza kuyatangaza makaya kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaingiza kaya kadhaa, Kinondo ikiwemo, katika orodha ya urithi wa dunia. Hati hizo zimesaidia. Hata hivyo makaya mengine ya ukanda huu wa Diani yalishamegwa, wakati wazee walikuwa na mwiko tu na mwenye hoteli alikuwa na hati ya ardhi.

Katikati ya msitu mzee alisimama, akainama, akang'oa mche mdogo wenye majani yaliyochongoka pembeni. Mwarobaini. Hakuna nyumba ya pwani isiyoujua. Tumeunywa kwa homa, tumeuoga kwa upele, tumekaa kivulini mwake. Lakini asili yake ni Bara Hindi, na ndege na popo hula matunda yake uani kwa watu, kisha huja kuzidondosha mbegu ndani ya msitu, ambako huota kwa kasi na kuizidi nguvu miche ya hapo. Nilimwuliza kama kung'oa hakuvunji masharti aliyonisomea langoni.

"Huu si wa hapa," alisema. "Wa hapa siugusi. Huu nikiuwacha, wajukuu watakuja kuona msitu wa miarobaini, waambiwe ndiyo kaya."

Nililipenda jibu hilo kwa sababu ndani yake mna kazi ambayo haihesabiki. Hakuna mtu aliyepanda mti Kaya Kinondo. Kazi yote ni ya kuzuia: shoka lisiingie, moto usiingie, mgeni wa mimea asitie mzizi. Msitu wenyewe unajua kujirudisha, mradi wapo watu wanaoujua vya kutosha kutofautisha mwenyeji na mgeni akiwa bado ana majani manne.

Kutoka hapo nilishuka hadi Gazi. Kijiji kiko kama kilomita 50 kusini ya Mombasa, na waliosoma historia watalikumbuka jina lake kwa sababu ya Sheikh Mbaruk bin Rashid Al Mazrui, aliyekuwa na makao yake hapa na kuwasumbua Waingereza kwa vita vya mwaka 1895 na 1896 kabla ya kuvuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Mimi nilifuata kilicho nyuma ya kijiji: ghuba iliyokingwa na rasi ya Chale, mito Kidogoweni na Mkurumudzi ikimwaga maji baridi humo, na katikati takribani hekta 600 za mikoko.

Kwa mtu wa pwani mikoko ni historia ya nyumba yake. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo: kila unene una jina lake na bei yake, na fundi akikutajia unajua anajenga nini. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja ni virefu na vyembamba kwa kuwa boriti ya kubeba dari haivuki kipimo fulani, chini kidogo ya mita 3. Majahazi yalizipakia boriti hizo kwa karne nyingi kuzipeleka Arabuni na Ghuba, kwa watu wasio na miti ya kuezekea. Mkandaa ulitoa magome ya kutia ngozi rangi, mlilana ulitoa mataruma ya vyombo, msikundazi milingoti. Misitu hii iliwekwa chini ya serikali tangu mwaka 1932, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje. Marufuku hayo hayakuigusa njaa ya kuni ya ndani.

Gazi iliumizwa na kuni. Miaka ya 1970 mikoko yake ilikatwa kulisha tanuu za chokaa na matofali, na katika sehemu nyingine haikuachwa hata miche. Watu wengi hudhani mkoko ukikatwa utajiotea, maana mbegu zinaelea na maji yapo. Mara nyingi ni kweli. Lakini pakikatwa pote, jua hupiga tope moja kwa moja, maji yanapokauka huacha chumvi juu ya chumvi, na mbegu inayokuja na maji haipati mizizi ya kunasa, basi hurudi nayo baharini. Pwani ya Gazi ilibaki na vipara hivyo miaka mingi. Wavuvi waliona samaki wadogo wakipungua. Akina mama waliona kuni zikihama mbali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ambayo ina kituo hapa kijijini, wakiongozwa na Dakta James Kairo, walianza kupanda tena pamoja na wanakijiji. Nilitembea ndani ya moja ya mashamba hayo ya mwanzo. Mtu asiyeambiwa hawezi kujua kwamba ni shamba, ila kwa jambo moja: mikoko imesimama kwa mistari. Mizizi yake ya matao imekwisha kusukana, kaa wamejichimbia chini, na mahali palipokuwa peupe sasa huoni mbele zaidi ya hatua kumi.

Siku ya kupanda nilifuatana na kundi la akina mama maji yalipotoka. Kalenda ya kazi hii ni ya mwezi, si ya ukutani. Kwenye bamvua bahari hupwa mbali na vipande vya chini hufikika, na maji mafu yakifika hulazimika kungoja. Tulivua viatu. Tope lilinifika magotini, nao walikuwa wakitembea juu yake kama walio sebuleni, ndoo kichwani, leso zimekazwa.

Niliyemshikilia zaidi alikuwa bibi mmoja ambaye amekuwa katika kazi hii tangu watoto wake wakiwa wadogo. Yeye ndiye aliyenifundisha kuusoma ufuko. Upande wa nje kabisa, unaopigwa na mawimbi, husimama mlilana, ukiwa na mizizi minene iliyochomoza juu kutafuta hewa. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, wenye matao. Halafu muia na mkandaa, inayopumua kwa mizizi iliyokunjwa magoti. Mchu hukaa mbele na pia hukaa nyuma kabisa, pale ambapo maji hufika kwa bamvua tu na chumvi imezidi, kwa sababu majani yake yana namna ya kuitoa chumvi nje. Nililamba moja nikathibitisha. Mkomafi na msikundazi hupenda kule maji ya mto yanakochanganyika. Aina 9 zinatajwa katika mikoko ya Kenya, na kila moja ina kina chake, udongo wake, na saa zake za kukaa chini ya maji.

Nilikuwa nimeshika mbegu ya mkoko, ile ndefu ya kijani inayoota ingali juu ya mti na kudondoka ikiwa tayari mche. Nikaelekea kwenye uwazi uliokuwa karibu.

"Hapo hapana, mwanangu. Hapo pa mchu."

"Nikiuchomeka hapa hautashika, bibi?"

"Utashika. Mwaka mmoja, miwili, utauona una majani, utafurahi. Kisha utakufa, na wewe utakuwa umeshaondoka na picha zako."

Maneno hayo yana uzito mpana kuliko Gazi. Duniani kote kampeni za mikoko hupenda mkoko wenye matao kwa sababu mbegu yake ni kubwa, huokotwa kwa gunia, haihitaji kitalu, na mtu yeyote anaweza kuichomeka kwenye tope. Basi huchomekwa popote, hata kwenye tope la nje ambako haujapata kuota, au juu ya majani ya bahari yaliyokuwa malisho ya samaki na kasa. Mchu na mlilana, ambayo ndiyo ingefaa mahali hapo, mbegu zake ni za taabu: zinataka kitalu kinachofikiwa na maji, mifuko, kivuli, na mtu wa kuziangalia kila siku. Naamini sehemu kubwa ya fedha za kupanda mikoko hupotea kwa sababu hii tu, kwamba aliyelipa alihesabu miche na hakumwuliza bibi.

Hata mche uliowekwa mahali pake haujapona. Kaa huutafuna shinani ungali mdogo. Mbuzi hupenda majani ya mchu. Majani ya bahari yanayotupwa na mawimbi huulalia mche na kuuzika. Mwaka wa 1997 kuingia 1998, mvua za El Niño zilishusha udongo mwingi kutoka bara hata ukazika mizizi ya kupumulia na kuua mikoko mikubwa, Mwache karibu na Mombasa ikiwa mojawapo ya sehemu zilizoumia vibaya. Ndiyo maana kazi ya Gazi haina siku ya mwisho. Wanarudi kuhesabu, wanarudi kujaza palipokufa, na pakifa mara ya pili wanauliza kama aina ile ilistahili kuwa pale.

Tangu mwaka 2013 kazi hii ina mkataba. Vijiji vya Gazi na Makongeni vinalinda hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, uliothibitishwa na shirika la Plan Vivo, na unaohesabiwa kuwa wa kwanza duniani ambapo jamii inauza huduma ya mikoko ya kuhifadhi hewa ya ukaa. Kinachouzwa ni kama tani 3,000 kwa mwaka. Siri yake iko chini ya miguu: tope la mikoko halina hewa, kwa hiyo majani na mizizi iliyozikwa humo haiozi upesi, na kaboni nyingi ya msitu huu imo ardhini kuliko kwenye mashina. Ukikata mti hupotezi mti tu, unaifungua ghala. Kwa upande wake jamii inalinda, na inapanda miche 4,000 kila mwaka.

Katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka. Nitasema wazi kwamba ni fedha ndogo mno. Watu wanaochoma mafuta mbali na hapa wananunua utulivu wa moyo kwa bei ambayo kwao ni ya gari kuukuu tu, na wanaokesha wakilinda ni wenye nyumba za makuti. Bei hiyo inastahili kupiganiwa. Lakini nilipouliza zimekwenda wapi, sikupewa karatasi, nilipelekwa kuona. Bomba la maji safi lililofika vijijini. Vitabu vya shule. Madarasa yaliyotengenezwa. Maamuzi hufanywa barazani, watu wote wakisikia kilichoingia na wakibishana kitoke kwenda wapi, na mwanamke niliyemkuta bombani alijua kwamba maji yake yametokana na mikoko bila kufundishwa na bango lolote. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Bibi alinitajia tuzo hiyo kwa kupita tu. Maji aliyaeleza kwa kirefu, na foleni za zamani kisimani, na nani alikuwa akiteka usiku.

Kuna sehemu ya ulinzi ambayo huzungumzwa kwa sauti ya chini kidogo, nayo ndiyo ngumu kuliko tope. Anayekata boriti usiku si mgeni kutoka mbali. Mara nyingi ni jirani, shemeji, mtoto wa shangazi, aliyepata kazi ya kujenga au aliyekosa mkaa wa kupikia. Kijana mmoja wa doria alinieleza kwamba kumkamata mtu kama huyo ni jambo la dakika, ila harusi na misiba ya baadaye ni ya miaka. Kwa hiyo wanakijiji walitafuta njia ya kupunguza haja yenyewe. Wamepanda mashamba ya mvinje nchi kavu, mti unaokua haraka, wa kutoa kuni na miti ya kujengea, ili shoka lipate pa kwenda. Wapo watakaonung'unika kwamba mvinje si mti wa kwao kabisa. Mimi naona wamepima vizuri: mti wa haraka umewekwa shambani, nje ya msitu, ufanye kazi ya jikoni, na wa asili uachiwe ufuko wake. Hiyo ni tofauti kubwa na mwarobaini unaojipenyeza kayani.

Akina mama wa Gazi pia wana njia yao ya mbao inayopita juu ya mizizi, ambako mgeni hulipa kiingilio, hutembezwa, na kulishwa samaki wa nazi. Samaki wale ni wazuri sana. Nendeni mkale.

Siku ya mwisho niliendelea hadi Vanga, kijiji cha Kenya kilichoegemea mpaka. Mikoko yake inaendelea hadi upande wa Mkinga, Tanga, bila kuuliza hati ya mtu. Mwaka 2019 vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vilianza mradi wao kwa mfano wa Gazi, katika hekta 460. Nilitaka kujua mafunzo yamehama vipi. Nilidhani nitaulizwa habari za bei na wanunuzi. Wenyeji walitaka zaidi kusikia Gazi wanafanyaje baraza linapogawanyika, nani hushika daftari, na je, mwenyekiti hubadilishwa kweli au hukaa.

Jimbo nilionyeshwa kipande kilichokatwa zamani, kipana, nusu tope nusu majani. Nikamwuliza mama aliyenipeleka watapanda miche mingapi pale msimu huo.

"Hapa hatupandi," alisema. Akanionyesha chini. Miche ya mchu ilikuwa imejiotea, midogo, mingi, isiyo na mstari. "Imekuja yenyewe. Tukiingia kupanda tutaikanyaga. Tumewaambia wenye mbuzi tu wapitishie kule juu."

Kipande hicho hakitaingia katika hesabu ya miche ya mwaka, na ameshawaambia wenzake kwamba mfadhili akiuliza, aletwe hapa maji yakiwa yametoka, avue viatu, ahesabu mwenyewe.